Barua Tuliyokataa Kuitia Sahihi



Juma lililopita alifika katika ofisi ya parokia binti mmoja wa jumuiya zetu ndogo ndogo, mhitimu wa shahada ya biashara, mkononi ana barua iliyokwisha kuchapwa, ikikosa sahihi yetu tu. Barua hiyo ilishuhudia kwamba amefundisha Kiingereza kwa miaka miwili katika shule ya parokia. Ukweli ni kwamba aliwasaidia watoto wa Utoto Mtakatifu kuimba, kwa miezi michache, nao waliimba vizuri. Wakala mmoja amemwahidi kazi ya kufundisha Kiingereza nchini Thailand, na baba yake amekwisha kuuza ng'ombe wawili. Hatukutia sahihi. Binti aliondoka akilia, nasi tangu siku ile hatukutulia, kwa kuwa kumnyima mtu sahihi ni rahisi kuliko kumwonyesha njia.

Hatuwapingi vijana waendao kufundisha ugenini. Kanisa lenyewe limejengwa na wasafiri. Chuo cha Assumption jijini Bangkok kilianzishwa mwaka 1885 na padre Mfaransa, Émile Colombet, katika nchi ambayo hata leo Wakatoliki hawafiki mmoja katika kila watu mia. Kama padre yule alivuka bahari akafungua darasa, kwa nini kijana wetu asivuke? Ajira kwetu ni haba, na Kiingereza alichokipata kwa jasho ni mtaji wa halali.

Linalotuudhi ni namna anavyosafirishwa. Wakala amemwelekeza aingie kama mtalii, eti karatasi zitafuata. Thailand mgeni hafanyi kazi bila kibali cha kazi, na njia iliyonyooka ya kukipata ni viza ya kazi iliyoombwa kabla ya safari, kwa nyaraka zitolewazo na shule inayomwajiri. Mwalimu hutakiwa kuwa na shahada, na kuwa na leseni ya ualimu au ruhusa ya muda. Asiyetoka katika nchi zihesabiwazo kuwa na Kiingereza kama lugha mama huombwa pia cheti cha mtihani wa lugha hiyo. Akikamatwa hana kibali, atakayetozwa faini na kurudishwa ni yeye. Wakala atakuwa mezani kwake, akihesabu fedha za ng'ombe wa mtu mwingine.

Na tuseme jambo jingine, hata kama litawakera wengine. Korea Kusini viza ya mwalimu wa lugha ya Kiingereza hutolewa kwa kawaida kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Mkenya au Mnigeria aliyesoma kwa Kiingereza tangu utotoni, akafundisha miaka kumi, husimama nyuma ya kijana mwenye pasipoti ifaayo aliyehitimu jana katika fani isiyohusiana kabisa na ualimu. Sisi twauona huo ni udhalimu. Pasipoti haimfundishi mtoto kusoma.

Lakini kosa hilo hilo tunalolilaumu Seoul, binti yetu alituletea mezani. Yeye naye aliamini kwamba ajuaye kusema ajua kufundisha. Hatuna haki ya kumcheka. Katika mwaka wetu wa kichungaji, kabla ya kuingia teolojia, tulipangiwa kufundisha Kiingereza kidato cha kwanza katika seminari ndogo. Kipindi cha kwanza tulizungumza dakika arobaini bila kupumua, tukatoka tumejaa fahari. Kesho yake tulikusanya madaftari: ukurasa baada ya ukurasa ulikuwa na tarehe tu. Mwalimu mzee wa seminari ile alitushauri tuingie darasani na vitu vitano mfukoni na sentensi tatu kichwani. Tulianza upya kwa ufunguo, yai na sabuni.

Huko Thailand kazi itakuwa ngumu zaidi, maana mwalimu hatakuwa na lugha ya kukimbilia. Kithai kina toni tano. Neno lile lile likipandishwa au kushushwa sauti huwa neno jingine. Vitenzi vyake havibadiliki kwa wakati, hivyo jana na kesho za Kiingereza humtesa mwanafunzi. Wala herufi "s" haitamkwi mwishoni mwa silabi: "bus" mdomoni mwa mtoto wa Kithai huelekea kuishia na "t". Mwalimu asiyejua sababu atadhani mtoto ni mzembe. Sisi je? Neno lile lile lilipotufikia tulilitilia irabu mkiani likawa basi, na hakuna aliyetuita wazembe. (Au walituita, nasi hatukusikia.)

Ndiyo maana tungependa kila kijana aendaye kufundisha lugha yake ugenini aanze kwa kuwa mwanafunzi wa lugha ya huko. Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu alipofika pwani yetu katika karne ya 19 angeweza kubaki na Kifaransa chake. Badala yake aliwasikiliza watu kwa miaka mingi, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotoka mwaka 1939, ina kurasa zaidi ya elfu moja. Hatumdai binti yetu kamusi. Maneno mia ya Kithai kabla ya kupanda ndege yangetosha, pamoja na kujua kusalimu kwa viganja vilivyounganishwa, na kutomshika mtu kichwani hata akiwa mtoto.

Binti amerudi jana pamoja na mama yake. Fedha za ng'ombe wa kwanza zimekwisha kwa wakala, na hatudhani zitarudi. Za ng'ombe wa pili mama alizificha. Mwalimu mkuu wa shule ya parokia amekubali ampokee kama msaidizi wa darasa la tatu hadi mwisho wa mwaka, bila mshahara, ila chakula cha mchana. Baada ya hapo tutaandika barua nyingine, yenye miezi aliyofundisha kweli, nayo tutaitia sahihi na muhuri.

Anaanza Jumatatu. Watoto ni hamsini na wanane.