Sakafu Imeshuka, Vituo Havijapanda: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Usafiri wa Umma, Victoria

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Footscray, magharibi mwa Melbourne, nikiwa mmoja wa wasemaji wa Kiswahili tuliofanya mji huu kwetu. Nimeandika kwa Kiswahili ili barua hii isomwe kwanza na mama zetu na wazee wetu wanaopanda tramu kila siku. Tafsiri yake itafika ofisini kwako. Ombi langu ni moja. Serikali ya jimbo iache kuhesabu tramu kivyake na vituo kivyake, ianze kuhesabu safari ambazo mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuzifanya tangu anapopanda mpaka anaposhuka.

Katika barabara nyingi za mji huu reli ziko katikati, na kituo ni nguzo yenye namba iliyosimikwa ukingoni. Tramu ikija, abiria hushuka kutoka kwenye njia ya miguu, huvuka njia ya magari, ambayo kisheria hayaruhusiwi kuipita milango iliyofunguliwa, kisha hukutana na vipandio. Mtazame bibi mwenye maumivu ya magoti akipanda tramu ya miaka ya 1980. Anatanguliza mfuko wa soko juu ya kipandio cha pili. Anashika chuma kwa mikono miwili, anainua mguu wenye nafuu, anauvuta mwingine ufuate, na hapo ndipo anaukumbuka mfuko. Kipandio cha kwanza ndicho kinachomtesa, maana anakipanda akiwa amesimama kwenye lami, chini kabisa. Magari yanangoja, dereva anangoja, na yeye anajua kwamba wote wanamngoja. Mwenye kiti cha magurudumu hafiki hata hapo. Anabaki ukingoni.

Wahandisi walihangaika sana mpaka kuishusha sakafu ya tramu. Katika tramu ya zamani magurudumu ya pande mbili yameunganishwa kwa ekseli, mota na giya ziko hapo hapo, na sakafu inalazwa juu ya vyote hivyo, karibu sentimita 90 kutoka kwenye reli. Ili ifike sentimita 30 au 35, ilibidi karibu kila kitu kihame. Mitambo ya umeme ilipandishwa kwenye paa. Ekseli ziliondolewa, au zikaachwa kwenye ncha mbili za gari tu, ambako sakafu huinuka kidogo. Magurudumu yalifunikwa kwa masanduku na viti vikawekwa juu yake, ndiyo maana katika tramu hizi kuna mahali njia ya kupita inabana ghafla. Geneva ilikuwa na tramu ya namna hii mwaka 1984. Vienna imefika mbali zaidi: mlango wa tramu zake za ULF uko karibu sentimita 20 tu juu ya reli. Yalikuwepo pia maumivu. Mwaka 2004 Siemens ililazimika kuwaambia wenye tramu za Combino, ambazo ni za ukoo mmoja na tramu za aina ya D za hapa Melbourne, waziondoe barabarani zile zilizokwisha kutembea sana, kwa kuwa ilihofiwa kwamba mabodi yake yalikuwa na udhaifu. Tramu ya sakafu ya chini imelipiwa kwa fedha na kwa makosa ya watu wengi, na kwa hiyo inasikitisha kuiona ikitumika nusu.

Mji ninaotaka uutazame kwa makini ni Grenoble, Ufaransa. Miaka miwili kabla ya Grenoble, mwaka 1985, Nantes ilifungua tramu mpya, nzuri, yenye vipandio. Grenoble, ambako wakazi waliikubali tramu kwa kura ya mwaka 1983, ilikuwa na vyama vya watu wenye ulemavu vilivyodai haki yao mapema, wakati gari lingali kwenye karatasi. Michoro ikabadilishwa. Tramu iliyoanza kazi mwaka 1987 ilikuwa na sakafu ya sentimita 34.5 mlangoni, na pamoja nayo vilijengwa vituo vyenye jukwaa la kimo kinachoendana nayo. Gari na kituo vilichorwa kama kitu kimoja. Nantes ilibidi baadaye izitenganishe tramu zake na kuziongezea kipande cha kati chenye sakafu ya chini.

Najua Melbourne haikuanza upya kama Grenoble. Tumerithi kilomita 250 za njia na vituo zaidi ya 1,700, mtandao mkubwa kuliko wowote duniani, katika barabara zilizopimwa zamani kwa mahitaji ya zamani. Lakini sheria ililizingatia hilo. Viwango vya taifa vya usafiri wa umma kwa watu wenye ulemavu vilitoka mwaka 2002, chini ya sheria ya mwaka 1992 inayokataza ubaguzi, na vikatoa muda mrefu: vituo vyote vya tramu viwe vimekamilika ifikapo tarehe 31 Desemba 2022, na tramu zenyewe ifikapo mwisho wa 2032. Vituo vilipewa miaka 20. Tarehe yake imepita, na mamia ya vituo vingali nguzo ukingoni. Ahadi ni deni, Mheshimiwa, na deni hili sasa halina hata tarehe mpya ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuitaja.

Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa jimbo alilichunguza jambo hili mwaka 2020. Alikuta kwamba asilimia 38 ya tramu zilikuwa za sakafu ya chini, na asilimia 27 ya vituo vilikuwa na jukwaa la usawa huo. Kisha akauliza swali ambalo abiria hujiuliza: ni mara ngapi vitu hivi viwili vinakutana? Kwa mwaka wa 2018–19 jibu lilikuwa asilimia 15 ya huduma. Tangu wakati huo vituo vimeongezwa na tramu za aina ya E, zenye sakafu ya chini, zimetimia 100, na nashukuru kwa dhati. Lakini bado tunatangaziwa tramu kwa idadi yake na vituo kwa idadi yake, na ile ya makutano haitangazwi kwa sauti hiyo hiyo.

Tramu ya sakafu ya chini ikisimama kwenye kituo cha nguzo, sakafu yake ingali kama sentimita 30 juu ya lami. Bibi wa magoti anapata nafuu kubwa, maana vipandio vitatu vimekuwa kimoja. Kwa kiti cha magurudumu, kimoja ni sawa na vitatu. Wapo wanaoshauri kila tramu ibebe ubao wa kukunjua. Kwa kimo cha sentimita 30, mteremko wa moja kwa nane unataka ubao wa karibu mita 2.4, utakaolala katika njia ya magari, na bado mtu mwingine atahitajika kusukuma. Jukwaa ndilo jibu.

Kuna jambo lingine ambalo nadhani halionekani kutoka mezani. Mtu anaweza kupandia kituo chenye jukwaa katikati ya mji, akasafiri vizuri mpaka mtaani kwake, akakuta kituo chake hakina jukwaa. Hawezi kushuka. Anapita nyumbani kwake akiwa dirishani, anashukia kituo cha mbele chenye jukwaa, kisha anarudi kwa mikono yake kando ya barabara, jua au mvua. Programu ya tramTRACKER humwonyesha tramu gani ni ya sakafu ya chini na kituo gani kina jukwaa. Inamsaidia kupanga, lakini mara nyingi kitakachomdhihirikia ni kwamba safari hiyo haiwezekani, naye atapiga simu kutafuta teksi au atabaki nyumbani.

Sasa zinaundwa tramu 100 za aina ya G, nazo za sakafu ya chini, huko Dandenong, kwa mkataba uliotangazwa mwaka 2022 wenye thamani ya dola bilioni 1.85 za Australia. Njia zilizotajwa kuzipata kwanza ni za 57, 59 na 82. Hizi ni njia zetu. Ya 82 inaanzia hapa Footscray. Ya 57 inapita Flemington, kando ya maghorofa ya serikali wanakoishi familia nyingi zilizotoka Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, familia zenye watoto wachanga wa kusukumwa kwenye vigari na wazee walioletwa na watoto wao waje wapumzike. Tumezingoja tramu hizi kwa furaha. Naomba njia hizi tatu zipewe vituo vyake mfululizo, mwanzo hadi mwisho, badala ya kimoja hapa na kingine kule pale barabara inapokarabatiwa kwa sababu nyingine. Njia moja iliyokamilika humpa mtu kazi, zahanati, soko na msikiti au kanisa lake. Majukwaa hayo hayo yakitawanywa kwenye njia kumi, hayamfikishi popote.

Sidai kwamba ni rahisi. Jukwaa hula nafasi za kuegesha magari, na wenye maduka wana haki ya kusikilizwa. Barabara nyembamba, kama Sydney Road kule Brunswick, zinahitaji ubunifu. Vienna imeinua njia ya magari yenyewe mbele ya baadhi ya vituo, gari likipita juu ya kituo taratibu na abiria akiingia kwenye tramu kwa usawa. Vituo vingine vitaunganishwa, na hapo mtu atatembea zaidi. Mimi nakubali viunganishwe, mradi vile vilivyo mbele ya hospitali, zahanati, soko na nyumba za wazee visiguswe, na wazee wenyewe waulizwe kabla ya mchoro kutoka, kwa lugha wanazozielewa.

Tangaza, Mheshimiwa, tarehe mpya ya kukamilisha vituo, njia kwa njia, yenye bajeti iliyoandikwa pembeni yake. Kila mwaka chapisha asilimia ya huduma ambazo tramu ya sakafu ya chini inasimama kwenye jukwaa, kwa kila njia na sio kwa mji mzima tu, ili mkazi wa Footscray aone ya kwake na mkazi wa Brunswick aone ya kwake. Na uanze na njia za 57, 59 na 82. Tuko tayari kukaa na maofisa wako Footscray au Flemington siku yoyote, tukiwa na abiria wenye viti vya magurudumu na kina mama wenye vigari, wakiwa na orodha ya vituo wanavyovihitaji kwanza.

Wako kwa heshima,
Mkazi wa Footscray