Yafaa Tujiandae Kabla ya Kwenda JKT

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la shule nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo kila mwaka huwakuta wanafunzi wa Kidato cha Sita ghafula, ingawa kila mmoja wao alijua tangu zamani kwamba laja. Jambo lenyewe ni mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mimi nilisoma katika shule hii, nikafanya mtihani wangu wa mwisho mwezi wa Mei, na siku chache baadaye nikawa nimesimama mbele ya lango la kambi, begi mkononi. Nayasema niliyoyaona kwa macho yangu.

Jeshi hili lilianzishwa tarehe 10 Julai, 1963. Mwaka 1966, Serikali ilipoamua kwamba wasomi nao watumikie kwa lazima, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga. Mwalimu Nyerere aliwarudisha mamia yao makwao, naye akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1994 mafunzo hayo ya lazima yalisimamishwa, na mwaka 2013 yakarudishwa. Siku hizi wanaomaliza Kidato cha Sita huitwa kukaa kambini miezi mitatu.

Wazee wetu, basi, walikwisha kubishana kama yafaa kwenda au haifai. Mabishano hayo mimi siyafufui. Nauliza swali dogo tu: kwa kuwa tunakwenda, je, tunakwenda tukiwa tayari?

Kila mwaka tangazo hutoka likitaja vitu vya kuchukua: bukta ya bluu iliyokolea, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi nyeusi, nyaraka za kuombea chuo, na nauli. Baba yangu alizunguka sokoni siku mbili mpaka akavipata vyote. Aliporudi alisema, "Haya mwanangu, sasa u tayari." Nami niliamini hivyo. Raba zile nilizivaa kwa mara ya kwanza siku ya kusafiri. Siku ya tatu ya mafunzo miguu yangu ilikuwa malengelenge matupu, nikawa nimekaa kivulini na dawa ya vidonda huku wenzangu wakijifunza kwata. Nililia kwa aibu. Kumbe vitu vilikuwa tayari, mwenye vitu hakuwa tayari.

Lakini malengelenge hupona. Kuna jambo jingine lililonisukuma hata nikashika kalamu.

Katika hanga letu alikuwamo msichana mmoja tuliyetoka naye shule hii hii. Jina lake silitaji. Yeye ana pumu. Hapa shuleni sote tulijua; dawa yake ya kuvuta haikumtoka mfukoni. Tulipofika kambini tukaulizwa habari za afya zetu, na yeye akajibu kwamba yu mzima kabisa. Usiku akaninong'oneza, "Tafadhali, usinitaje." Aliogopa kurudishwa nyumbani, na zaidi ya hayo aliogopa kuchekwa. Nami nikanyamaza, nikijiona kuwa rafiki mwema.

Asubuhi moja ya baridi, katikati ya mchakamchaka, alianguka. Alikuwa akitafuta pumzi asiipate, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Dawa yake ilikuwa hangani, chini ya mto, kwa kuwa aliificha. Afande mmoja alimbeba mgongoni mbio mpaka zahanati. Aliporudi alituuliza, "Nani alijua?" Nilijitokeza huku natetemeka. Hakunipiga wala hakunitukana. Alisema tu, "Binti, ungalisema siku ya kwanza, leo mwenzako asingalianguka."

Mwenzangu huyo alipona. Akapewa kazi nyepesi, akamaliza mafunzo pamoja nasi, wala hakuna aliyemcheka. Hofu yote ile ilikuwa ya bure. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua, nasi siku ile tulibakiza kidogo tu tuyaone maneno hayo yakitimia. Mpaka leo nikikumbuka "usinitaje" moyo wangu huenda mbio.

Watu hudhani kwamba jeshini wote hulazimika kuwa sawasawa. La hasha! Tangazo la JKT lenyewe huwaelekeza vijana wenye ulemavu wa kuonekana waripoti kambi ya Ruvu, mkoa wa Pwani, kwa kuwa huko yako mazingira ya kuwafaa. Jeshi, basi, lajua kwamba miili haifanani. Ila ulemavu wa kuonekana huonekana. Pumu, kifafa, na ugonjwa wa seli mundu havionekani mpaka mwenyewe aseme.

Hapa nina neno kwa wazazi, nalo nalisema kwa heshima. Nimepata kusikia baadhi yenu mkitafuta barua za kusingizia ugonjwa ili mtoto asiende. Hebu fikirini. Anayesingizia ugonjwa humponza mgonjwa wa kweli, kwani siku yule wa kweli atakaposema kifua kinambana, ataonekana naye ni mvivu anayetafuta njia ya kukwepa. Mwenzangu alinyamaza kwa sababu hiyo pia: hakutaka kuhesabiwa miongoni mwa wakwepaji.

Basi, nashauri nini? Nashauri shule yetu ifanye mambo matatu, wala hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza ni miguu. Kuanzia Januari, Kidato cha Sita wakimbie nusu saa, mara tatu kwa juma, wakianza polepole na kuongeza kidogo kidogo. Wazazi wanunue raba mapema, na mtoto azivae katika mbio hizo mpaka ziuzoee mguu.

La pili ni mikono. Wako miongoni mwetu wanaomaliza shule bila kujua kufua shuka, kushona kifungo, wala kushika jembe mpaka mstari uishe. Kambini hayo yote utayafanya, tena kwa saa iliyopangwa. Tuyazoee hapa hapa, katika bustani yetu na katika mabweni yetu. Kadhalika kila mmoja aweke nakala za vyeti vyake mahali pakavu, maana matokeo ya mtihani hutoka mwezi wa Julai, na maombi ya chuo hayamngoji mtu atoke kambini.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni ukweli. Kabla ya shule kufungwa, kila mwanafunzi akae na mzazi wake na mwalimu wa afya, waandike wazi ana ugonjwa gani na anatumia dawa gani. Achukue barua ya daktari anayemtibu, na dawa za kumtosha, aikabidhi barua hiyo siku ile ile anapofika. Mwalimu asimame mbele ya darasa aseme kwamba kutaja ugonjwa si aibu.

Najua nitajibiwa. Wengine watasema kwamba Januari mpaka Mei ni wakati wa kusoma, wala hakuna nafasi ya mbio. Nawajibu kwamba saa moja na nusu kwa juma haijamfelisha mtu. Saa nyingi zaidi hupotea katika porojo za bwenini, nami nilikuwa bingwa wa porojo hizo. Wengine watasema, "Mwacheni aende hivyo hivyo, jeshi litamkomaza." Ni kweli, linakomaza. Mimi nilikwenda nikiogopa hata kuita namba yangu mbele za watu, nikarudi naweza kusimama mbele ya mia. Lakini mwalimu wa kwata hana dawa ya kuufanya mguu uzoee kiatu kwa usiku mmoja, wala hawezi kuusoma ugonjwa ulioficha kifuani mwako.

Nanyi wadogo zangu wa Kidato cha Sita, nendeni kwa furaha. Mtaimba, mtachoka, mtapata marafiki kutoka mikoa ambayo hamjafika. Ila mwenzako mgonjwa akikunong'oneza usiku, "Usinitaje," mshike mkono, mwende pamoja mkaseme. Akikataa, nenda peke yako. Atakununia kwa siku mbili tatu. Mimi ningalipenda sana kununiwa siku hizo, kuliko kuiona asubuhi ile.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa Zamani