Kahawa ya Kuleta Usingizi

Na Kendi Mwirigi

Mwambie mkulima wa kahawa wa Runyenjes kuwa kuna dawa ya usingizi inayotengenezwa kwa kahawa, atakucheka. Lakini ipo. Watu wa homeopathi huiita Coffea cruda, yaani kahawa mbichi. Wanamfuata Samuel Hahnemann, daktari Mjerumani aliyedai mwaka 1796 kwamba kinachomfanya mzima augue ndicho kitakachomponya mgonjwa. Kahawa hufukuza usingizi, basi ikizimuliwa itauita.

Na huzimuliwa kwelikweli! Tone moja la kahawa hutiwa katika matone 99 ya maji au spiriti, yakatikiswa. Kisha tone la mchanganyiko huo katika mengine 99, hivyo hivyo hata mara 30. Kwa hesabu ya kemia, kupita mara ya 12 hutarajii hata chembe moja ya kahawa. Chama cha ushirika kikiuza kahawa ya namna hiyo, wanachama watang'oa mlango.

Hata hivyo, dawa hupimwa kwa matokeo, si kwa kicheko. Mwaka 2010 Cooper na Relton, watafiti wa Sheffield, Uingereza, walikusanya ushahidi wote kuhusu homeopathi na kukosa usingizi. Walipata majaribio manne tu yaliyolinganisha dawa hizi na tembe tupu, zisizo na dawa. Yote yalikuwa madogo na hafifu, na hakuna lililoonyesha tofauti ya kutegemewa. Ila katika matatu, makundi yote mawili yalipata nafuu, hata waliomeza tembe tupu. Mimi sishangai. Usingizi una misimu yake, na aliyesikilizwa kwa utulivu hurudi nyumbani mwepesi.

Chenye ushahidi imara hakiuziki kwenye chupa. Tangu 2016 chama cha madaktari bingwa wa Marekani kinashauri tiba ya kubadili mazoea kwanza, kabla ya vidonge: amka saa ile ile kila siku, kitanda kiwe cha kulala, usingizi ukigoma ondoka kitandani.

Mazoea yetu tunayajua. Nyambene ni miraa, Mbeere ni muguka, na kazi ya jani ni kukesheza. Mjomba wangu wa Maua hutafuna miraa ya kangeta hadi usiku wa manane, kisha analalamika halali. Nilipomweleza haya yote, nikamwuliza ataliacha jani saa ngapi.

Akafikiri kidogo. "Hizo tembe za kahawa," akasema, "hapa Maua zinauzwa wapi?"