Nzi wa Ndoana Si Mchezo kwa Anayemfunga



Mwezi uliopita alifika hapa Kakiika bwana mmoja aliyevaa vizuri, na kesho yake akaenda Nakivale. Alikuwa anatafuta akina mama na vijana wenye vidole vyepesi. Mkononi alishika kikopo cha plastiki, na ndani ya kikopo mlikuwa na wadudu. Nilipotazama kwa karibu nikaona si wadudu, ni ndoana ndogo sana zilizovishwa manyoya na uzi. Akatuambia ya kwamba Wazungu huvulia samaki kwa vitu hivi, ya kwamba soko lipo, na ya kwamba mtu atafunga nyumbani kwake akiisha kupika. Mama mmoja akauliza, "Na mshahara ni kiasi gani?" Bwana akacheka. "Mama, hii si kazi ya mshahara. Ni kazi ya mikono tu, kama mchezo. Utalipwa kwa dazeni."

Neno hilo la "kama mchezo" ndilo lililonishikisha kalamu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini miaka niliyotembea na kadi ya chama imenifundisha kwamba mwajiri akikwambia kazi yake ni mchezo, shika mfuko wako.

Kwanza tuelewane kitu chenyewe ni nini, maana wengi wetu hatujakiona. Katika mito ya maji baridi yuko samaki aitwaye trauti. Chakula chake kikubwa ni wadudu wa majini na wale wanaotua juu ya maji. Wapenzi wa uvuvi huu hawatumii nyungunyungu. Wanatengeneza mdudu wa uongo juu ya ndoana, wanamfunga kwenye mshipi, wanamrusha kwa ufito mrefu mwepesi mpaka anatua majini kama mdudu wa kweli, na samaki akidanganyika anameza. Mdudu huyo wanamwita nzi. Trauti si samaki wa kwetu. Waliletwa Kenya na walowezi mwaka 1905, wakatiwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare, na baadaye wakaenea mito mingine ya nyanda za juu. Hata upande wetu wa Mlima Elgon walitiwa.

Hapa Nakivale mambo ni mengine. Ziwa letu lina ngege, kambare na mamba, nao wanavuliwa kwa nyavu na kwa ndoana yenye chambo, kwa sababu nyumbani watoto wanangoja. Nilimwonyesha mvuvi mmoja kile kinzi akakigeuza kwenye kiganja, akaniuliza, "Na samaki akishapatikana?" Nikamwambia wengi wao humtoa ndoana, wakamrudisha majini akaenda zake. Yule mzee alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna watu wanaolima mahindi ili wayafukie tena.

Mimi siwacheki. Mtu aliyefanya kazi wiki nzima ana haki ya kupumzika, na akipumzika mtoni ni bora kuliko kwenye pombe. Tena wengi wao ni wafanyakazi kama sisi, mafundi wa viwandani, walimu, madereva wa treni. Wako wanaojifungia nzi wenyewe mezani siku za baridi, na mtu anaweza kukaa saa nzima juu ya nzi mmoja, anamfumua na kumfunga tena, kwa sababu anaona raha. Saa hiyo haihesabu. Ni yake.

Lakini tazameni jinsi wanavyojua kuhesabu kitu wanachokipenda. Marekani kuna wafugaji wanaofuga majogoo ya ukoo maalum kwa ajili ya manyoya yao, na ngozi moja ya shingo ina bei ya kukushangaza. Mwaka 2009 kijana mmoja mwanafunzi wa muziki, Edwin Rist, alivunja dirisha la jumba la makumbusho huko Tring, Uingereza, akaondoka na ngozi 299 za ndege wakavu, wengine waliokusanywa zaidi ya miaka mia iliyopita, kusudi manyoya yao yauzwe kwa wafungaji wa nzi wa fahari. Mwaka 2011 mahakama ilimhukumu. Basi manyoya yana thamani kiasi cha mtu kuyaibia makumbusho. Mkono unaoyafunga, je?

Mkono huo mara nyingi ni wa Afrika Mashariki. Hili wengi hawalijui. Kenya watu wanafunga nzi wa kuuza ng'ambo tangu zamani za ukoloni, na mpaka leo nzi wa Kenya wanauzwa katika maduka ya Uingereza na Marekani. Wengi wanaofunga ni akina mama.

Yuko dada mmoja hapa Kakiika, kwao ni Nyeri, aliolewa huku. Yeye alifunga nzi miaka tisa kabla ya kuolewa. Nilikwenda kwake na ndoana niliyopewa na yule bwana. Akachukua jiliwa lake dogo ambalo bado analo, akalibana ukingoni mwa meza, akabana ndoana. Uzi alitumia wa cherehani ya jirani. Manyoya aliyatoa kwa jogoo aliyekuwa uani, ambaye hakufurahi. Akaanza kuzungusha uzi karibu na tundu la ndoana, akarudi nyuma, akafunga nyuzi tatu nne za manyoya ziwe mkia. Akapaka uzi nta, akausokotea sufi ya paka, ukawa mwili. Kisha akashika unyoya kwa ncha akauzungusha mara tatu mbele, ukasimama kama miguu ya mdudu. Fundo la kichwa, tone la vanishi, basi. Hakutazama vidole vyake hata mara moja. Alikuwa akinisimulia habari za mwanawe wa pili.

Nikamwuliza kilichokuwa kinamuumiza kazini. Nilidhani atasema macho, au shingo. Akasema, "Waliokataliwa." Jioni msimamizi anapokea dazeni zako, anachambua. Mkia umezidi urefu wa punje, anamtupa pembeni. Kichwa kikubwa, pembeni. Dazeni ikipungua nzi wawili si dazeni, hailipwi mpaka uijaze. Na wale waliokataliwa hurudishiwi. Huoni wanakokwenda. Sitamtaja mwajiri wake, wala si yeye peke yake. Nimekuta desturi hiyo hiyo kwa wafuma vikapu na watunga shanga hapa hapa wilayani.

Sasa tufanye hesabu, hesabu ya mfano tu. Tuseme mfungaji wa kawaida anamaliza nzi mmoja kwa dakika tano. Kwa saa moja ni dazeni moja. Dukani Marekani nzi mmoja huuzwa dola mbili na zaidi. Tuseme mbili tu. Dazeni ni dola 24. Mwenye duka atoe kodi yake, msafirishaji achukue chake, ushuru ulipwe, ndoana na nyuzi zinunuliwe. Sikatai. Lakini ile saa moja ya mama iko wapi katika hesabu hiyo? Yule bwana alipotuambia bei yake ya dazeni, nilimwuliza dazeni moja inachukua muda gani. Hakujua. Alijua bei ya ndoana, bei ya uzi, bei ya posta. Muda wa mtu hakuujua kwa sababu kwake ni mchezo.

Huo ndio ujanja wote. Mpenzi wa uvuvi anafunga nzi wake bila kuhesabu saa kwa sababu amekwisha kula. Mchuuzi anaichukua tabia hiyo, anaivusha bahari, anamvika mama wa Nakivale ambaye hajala. Jiliwa ni lile lile, manyoya yale yale, fundo lile lile, na kazi inaitwa burudani pande zote mbili.

Wako wenzetu watakaosema, afadhali kidogo kuliko kukosa. Wanasema hivyo hasa Nakivale, na ninawaelewa. Tangu mgao wa chakula cha wakimbizi ulipopunguzwa mwaka 2023 nimeona watu wakikubali ujira ambao zamani wangeutemea mate. Wengine wanasema tukidai, kazi itakwenda Thailand au Sri Lanka, ambako pia wanafunga. Inawezekana. Lakini kama bei yetu ni nzuri kwa sababu tu hatukula, basi huyo mnunuzi ataondoka vile vile siku atakapopata mwenye njaa zaidi. Afadhali tujue mapema.

Sheria inatusaidia nusu njia. Mkimbizi Uganda ana ruhusa ya kufanya kazi, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 imesema hivyo. Haki ya mfanyakazi kuunda chama na kujiunga nacho imo katika Katiba ya 1995, kifungu cha 40. Kima cha chini cha mshahara, ndugu zangu, ni kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na muswada mpya uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukutiwa sahihi na Rais. Kwa hiyo hapo tusitegemee kitu. Uko pia Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 177 wa mwaka 1996, unaosema anayefanyia kazi nyumbani ni mfanyakazi kamili na asibaguliwe katika ujira wala katika kujiunga na chama. Nchi zilizouridhia ni chache, lakini maneno yake tunaweza kuyaweka mezani.

Maoni yangu ni kwamba tusimfukuze yule bwana. Kazi yenyewe ni nzuri, safi, inamfaa hata asiye na miguu, na fundi wake anastahili heshima ya fundi. Ila kabla ya mtu mmoja kufunga nzi mmoja, bei ya dazeni itokane na saa. Ndoana na uzi ziwe juu ya mwenye mali. Siku za kujifunza zilipwe, maana mwanafunzi anaharibu wengi mwanzoni, na nzi huyo mbovu amekula muda ule ule. Waliokataliwa wachambuliwe mbele ya mjumbe wetu, na asiyelipiwa arudi kwa aliyemfunga. Nao walio ng'ambo tuwaandikie. Mtu anayeweza kubishana usiku kucha juu ya unyoya mmoja wa shingo ya jogoo, akiambiwa unyoya huo ulifungwa na nani na kwa ujira gani, sidhani atanyamaza. Kikopo kibandikwe karatasi: umefungwa Nakivale, kwa bei iliyokubaliwa na wafungaji.

Yule bwana amesema atarudi Jumamosi. Dada wa Nyeri amekubali kuja na jiliwa lake. Tutakaa watu watatu mezani, yeye aliye mwepesi, mmoja wa kati na mmoja anayejifunza, nami nitashika saa. Mwenye saa yenye mkono wa sekunde aje nayo, yangu imesimama.