JIKONI KWA BIBI: Kwanga inaloweshwa siku ngapi?

Mwezi uliopita niliwatuma wanafunzi waulize nyumbani namna ya kupika kwanga, ule mkate wa mihogo tuliouzoea Kongo. Majibu yamekuja vipande vipande: mmoja anakumbuka majani, mwingine harufu. Siku za kulowesha? Karibu wote kimya! Na hapo ndipo penye hatari, maana mihogo michungu ina sumu.

Bibi mmoja jirani yangu ametusaidia. Menya, lowesha siku 3 au 4 mpaka ilainike, mwaga maji, toa nyuzi, twanga, funga kwenye majani ya mgomba, pika kwa mvuke hadi iive.

Jamani, watoto waandike haya daftarini. Mwezi ujao: mikate ya ndizi. Nani anaijua?