Simba wa kwenye gemu akija, mashabiki wasiruke ukuta

MASHABIKI wa soka nchini wamezoea kusubiri. Wanasubiri dirisha la usajili, wanasubiri Kariakoo Dabi, na sasa wanasubiri AFCON 2027 ambayo Tanzania itaiandaa kwa pamoja na Kenya na Uganda. Mjini Moshi kuna kusubiri kwa namna nyingine ambako hakuandikwi sana kwenye kurasa za michezo. Vijana wanaisubiri gemu ya ngumi ambayo wapiganaji wake ni wanyama, tena wanyama wanaowajua.

Jioni kwenye mabanda ya gemu ya Majengo, Pasua au Njoro, skrini zinaonyesha vitu viwili tu, mpira na ngumi. Dogo akichoka kufungwa mabao kwenye mpira, anahamia kwenye Tekken kwenda kulipa kisasi. Kelele ni zile zile za uwanjani, ubishi ni ule ule, na kuna wakati refa anahitajika kweli.

Sasa angalia nani wanapigana. Tekken ni gemu ya Wajapani. Ndani yake kuna dubu anaitwa Kuma, kuna panda, na tangu toleo la pili kulikuwa na kangaruu aliyevaa glovu za ngumi. Mbabe wao King anavaa kinyago cha jagwa. Panda ni wa China, kangaruu ni wa Australia, jagwa ni wa Amerika ya Kusini. Kijana aliyekulia chini ya mlima wenye tembo, chui na mbega anampiga mwenzake kwa mkono wa kangaruu!

Hakuna ubaya hapo. Shabiki wa Kiborloni anavaa jezi ya Arsenal na hakuna anayemuuliza kama amewahi kufika London. Lakini hamu ya kumwona mnyama wa nyumbani akiingia ulingoni ni hamu ya kweli, na mpira unaijua hamu hiyo kuliko mchezo wowote.

Klabu iliyokuwa ikiitwa Sunderland ilibadili jina mwaka 1971 ikawa Simba, na leo shabiki wake akisema "Mnyama" hahitaji kueleza zaidi. Timu ya taifa ya wanawake ni Twiga Stars, ya vijana chini ya miaka 17 ni Serengeti Boys, ya soka la walemavu ni Tembo Warriors. Vuka mipaka ukutane na Korongo wa Uganda na Chui wa Kongo. Ivory Coast ni Tembo. Senegal, Cameroon na Morocco wote ni Simba. Ukiitazama vizuri, droo ya AFCON ni droo ya wanyama kupigana. Kilichobaki ni kuwatoa kwenye nembo za jezi na kuwapa miguu na mikono ya kupigania.

Kazi hiyo haihitaji lazima kampuni kubwa ya Japani au Marekani. Duniani kuna gemu zinazoitwa huru, yaani zinatengenezwa na watu wachache wasio na tajiri nyuma yao. Ni kama timu ya mtaani inayosajili kwa michango ya wanachama. Na kwenye gemu huru za kupigana, wanyama ndiyo wametamba.

Mfano wenye mafunzo mengi ni Overgrowth ya kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Wolfire. Mwaka 2005 kijana David Rosen alitoa gemu ya Lugaru, ya sungura anayezichapa kungfu. Mwaka 2008 Wolfire wakatangaza mdogo wake Lugaru, ndiyo Overgrowth, yenye sungura, paka, panya, mbwa na mbwa mwitu wanaosimama wima na kupigana kwa ngumi, mateke na visu. Mashabiki wakapagawa. Gemu kamili ilitoka Oktoba 2017. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ilipotangazwa alikuwa sekondari ilipotoka.

Wolfire waliwezaje kuendelea na Overgrowth kwa miaka 9 kabla haijakamilika? Mashabiki walilipa kabla. Aliyelipa alipewa matoleo ya majaribio ambayo hayajaiva, akayacheza, akasema hapa pabaya na hapa patamu, na watengenezaji wakarudi kazini. Ni kama shabiki anayekata tiketi ya msimu mzima huku akiruhusiwa kuangalia mazoezi na kumsema kocha.

Ilipotoka, wapo walioisifu ngumi zake na wapo waliolalamika kwamba hadithi ni fupi na mambo mengi bado yanaonekana mabichi. Miaka 9 ya kusubiri huzaa matarajio ambayo hakuna gemu inayoweza kuyashiba. Mashabiki wa soka wanalijua hilo kupitia mastaa wanaopokelewa uwanja wa ndege kwa ngoma na vuvuzela, halafu wanamaliza msimu wakiwa benchi.

Mfano wa pili ni Them's Fightin' Herds. Watengenezaji wake walianza na gemu ya farasi wa katuni maarufu, na mwaka 2013 wenye haki za katuni hiyo wakawaamuru waache. Badala ya kulia, wakabuni wanyama wao wenyewe. Kuna ndama anayerusha kamba, kuna mwanakondoo mwoga anayeita mbwa wamsaidie kupigana. Mwaka 2015 mashabiki wakachanga zaidi ya dola 400,000, na mwaka 2020 gemu ikatoka rasmi. Mwaka huo huo ikateuliwa kwenye orodha ya EVO ya mtandaoni, mashindano yenye jina kubwa zaidi kwa gemu za ngumi, ingawa mashindano yale yalifutwa. Ila mwaka 2023 ikatangazwa kuwa hadithi yake haitamalizwa, wakati waliochanga walikuwa wameahidiwa hadithi nzima.

Mfano wa tatu ni Rivals of Aether ya Dan Fornace, iliyotoka 2017. Mpiganaji wake maarufu, Zetterburn, ni simba wa moto. Hii ilijenga mashabiki taratibu, mechi kwa mechi, na mwaka 2024 ikapata toleo la pili. Gemu zote hizi tatu zilibebwa na watu walioingia mfukoni. Waliosubiri kwa mdomo tu hawakubeba kitu.

Hapo ndipo mashabiki wa Moshi na wa Tanzania nzima wanapopaswa kujitazama.

Tabia ya kuruka ukuta inajulikana kwenye viwanja vya mikoani. Kuna anayeipenda timu kufa, anaijua listi ya wachezaji mpaka wa akiba, lakini siku ya mechi yuko juu ya mti nje ya uwanja. Timu ikikosa nauli ya kwenda ugenini, yeye ndiye wa kwanza kuuliza viongozi wanafanya nini. Moshi inajua uchungu wa kuondokewa. Polisi Tanzania iliposhuka daraja mwaka 2023, Ligi Kuu iliondoka nayo kwenye Uwanja wa Ushirika.

Kwenye gemu kuruka ukuta ndiyo kawaida kabisa. Kizazi kizima kilikua na sidii za Tekken 3 zilizochomwa na kuuzwa mtaani, na hakuna aliyejiuliza mtengenezaji amepata nini. Kampuni kubwa ya Japani iliweza kuvumilia hasara hiyo. Vijana watatu waliokodi chumba Soweto na kompyuta mbili hawawezi. Gemu yao ikinakiliwa wiki ya kwanza na kugawiwa kwa flashi, hakutakuwa na toleo la pili. Simba wao atakufa njaa huku akishangiliwa.

Uwezo upo. Ubongo Kids, katuni iliyoanza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014, ilitengenezwa Dar es Salaam, ina wanyama wanaoongea Kiswahili, na imevuka mpaka kuingia nchi nyingi za Afrika. Nairobi, kampuni ya Black Division Games ilitoa Nairobi X mwaka 2015, gemu ya kupambana na wavamizi kutoka anga za juu. Cameroon, kampuni ya Kiro'o ikatoa Aurion mwaka 2016, yenye mapigano na hadithi ya Kiafrika, kwa msaada wa michango ya watu wa kawaida.

Na mlima wenyewe umejipanga kama gemu. Kilimanjaro ina ngazi zake. Unaanzia kwenye vihamba vya migomba na kahawa, unaingia msituni, unatokea kwenye nyika ya vichaka, halafu jangwa la mawe, halafu barafu mita 5,895 juu ya bahari. Hizo ni raundi tano tayari, na kila moja ina hewa yake na mwenyeji wake.

Msituni yuko mbega, mwenye manyoya meupe yanayopepea kama kanzu ya fundi wa chenga. Mbega hana kidole gumba, kwa hiyo mpe kuruka, usimpe silaha ya kushika. Yuko perere, mdogo lakini ukelele wake usiku unatisha kuliko mwili wake, na ukelele huo huo ndiyo ngumi yake. Kisayansi jamii yake ni ndugu wa karibu wa tembo, hivyo pambano la hao wawili ni dabi ya ukoo. Nungunungu anapigana kwa kumpa adui mgongo na kurudi nyuma na miiba yake, kama beki mkongwe anayeukinga mpira kwenye kibendera cha kona. Nyegere hana kilo nyingi ila hajui kurudi nyuma. Twiga dume hupigana kwa kutupiana shingo. Na juu kabisa kuna chui. Mwaka 1926 mchungaji Richard Reusch wa Marangu aliukuta mzoga wa chui ulioganda karibu na ukingo wa kreta ya Kibo, na mpaka leo hakuna anayejua alifuata nini huko. Kuna bosi wa mwisho mzuri zaidi ya huyo?

Yuko pia sungura. Wolfire walimfanya sungura kuwa shujaa wa mateke. Mtoto wa Uru au Kilema anamjua sungura anayemshinda fisi bila kurusha ngumi hata moja. Gemu itakayoweza kumfanya mchezaji ashinde kwa ujanja wa sungura itakuwa imeleta kitu ambacho Wajapani hawana.

Wazazi watasema mabanda ni uhuni. Hoja yao ina uzito pale mwenye banda anapompokea mwanafunzi mwenye sare saa nne asubuhi, na huyo mwenye banda abanwe. Lakini mwaka 2019 Arslan Ash, kijana wa Lahore, Pakistan, alitwaa EVO Japan na EVO ya Marekani kwenye Tekken, baada ya kunolewa na wenzake kwenye mabanda ya kwao. Kenya wana Sylvia Gathoni, QueenArrow, aliyesajiliwa na timu ya nje mwaka 2018 kwa Tekken hiyo hiyo. Kipaji kikipata mashindano na ratiba, kinageuka kazi.

Nini kifanyike? Moshi ni mji wa ushirika. KNCU ilianzishwa mwaka 1933 na wakulima waliojua kwamba gunia moja la kahawa halina sauti, ila magunia ya mlima mzima yanapanga bei. Gemu huru inajengwa kwa akili hiyo hiyo. Mashabiki 2,000 wakitoa 5,000 kila mmoja, hiyo ni milioni 10, na vijana wachache wanaweza kuketi kwa miezi kadhaa wakafanya kazi bila kuhangaikia kodi ya chumba.

Lakini ushirika una upande wa pili, na wakulima wanaujua vizuri, nao ni hesabu. Watengenezaji wanaoomba mchango waonyeshe kazi mapema, hata kama ni chui mmoja na mbega mmoja kwenye uwanja mmoja. Waahidi wapiganaji sita wawalete sita, wasiahidi ishirini. Waitengeneze icheze kwenye simu ya Android ya bei ya chini, kwa sababu PlayStation iko bandani na simu iko mfukoni. Walipwe kwa M-Pesa na Airtel Money, maana vijana wengi hawana kadi ya benki ya kununulia mtandaoni. Na wenye mabanda wapewe leseni yao nafuu, wapange ligi ya mitaa, Pasua dhidi ya Majengo, Rau dhidi ya Kiborloni.

AFCON inakuja, na uwanja mpya unajengwa Arusha, kilomita kama 80 tu kutoka Moshi. Bara zima litakuwa linaimba majina ya wanyama. Gemu ya ngumi ya wanyama haiwezi kupata msimu mzuri kuliko huo, na haitashuka yenyewe kutoka Kibo. Anayeisubiri kweli ataonekana siku ile mtengenezaji wa kwanza atakapoweka namba ya malipo.