Deni la Kodi Lizungumzwe Mapema

Ndugu zangu wa Makambako,

Mji wetu umekuzwa na wageni waliogeuka wenyeji. Reli ya TAZARA na njia panda ya Tunduma na Songea zimetuletea madereva, wafanyabiashara wa mbao, wachuuzi wa viazi, walimu na wauguzi. Wengi wao wamepanga. Mpangaji ambaye kipato chake hufuata msimu wa mahindi anapodaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, msimu ukiharibika kidogo tu, deni limeingia ndani. Basi huanza kupita njia za uchochoroni, simu hazipokelewi, na mwenye nyumba naye hununua kufuli jipya.

Nawaombeni tuiache desturi hiyo ya kukimbiana na kufungiana milango.

Mpangaji mwenzangu, dawa ya deni ni kulipa. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962 kuwapatia wananchi makazi, limelia na wadaiwa sugu miaka nenda miaka rudi, zikiwamo taasisi za umma. Kodi isiyolipwa ndiyo ingeziba paa linalovuja na kujenga nyumba ya mwingine anayengoja. Ukiona mwezi huu hutaweza, mfuate mwenye nyumba kabla hajakufuata. Mweleze kilichokupata, mpe ulicho nacho, mwandikiane tarehe za kumalizia.

Nanyi wenye nyumba, watu binafsi na taasisi, mna haki ya kodi yenu, ila haki hiyo ina njia yake. Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, lakini mpangaji hakuachwa bila ulinzi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka kodi iwe imechelewa siku 30, kisha mpangaji apewe notisi ya maandishi, kabla mkataba haujavunjwa. Kung'oa mlango au kutoa vyombo nje, watoto wakitetemeka kwa baridi ya Juni, hakulipi hata shilingi moja ya deni.

Mkishindwa kuelewana, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kwa taasisi zinazopangisha nyumba za umma, ombi langu ni moja: mtenganisheni asiyetaka kulipa na asiyeweza. Wa kwanza apelekwe kwenye vyombo vya sheria bila kuonewa haya. Wa pili, aliyefiwa, aliyeugua au aliyekosa mazao, apangiwe awamu zinazolingana na mavuno yake. Mtu aliyebaki chini ya paa hulipa. Aliyefukuzwa huondoka na deni lake.

Mwenye deni, nenda leo. Mwenye nyumba, msikilize. Kisha andikeni mlichokubaliana, mkitimize.